Maswali ya Wasomaji: Vijana Wanachangia Harusi, Mbona Hawachangii Asasi Yetu?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa asasi ndogo hapa Tanga mjini, inayowanunulia sare, viatu na madaftari watoto wa kaya zisizojiweza. Wanachama wengi ni wastaafu wenzangu, na kila mwaka tunazika wawili watatu. Mfadhili wetu wa nje alisitisha msaada mwaka 2025. Tumewaalika vijana wajiunge kwa kiingilio cha shilingi 10,000 na ada ya mwaka ya shilingi 50,000, tukapeleka barua misikitini, makanisani na katika ofisi za serikali za mitaa. Waliokuja ni wachache, na hawakurudi. Je, kizazi hiki kimekosa moyo wa kutoa? — *Katibu, Chumbageni*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Uniwie radhi nikianza kwa kupingana nawe, lakini vijana unaowalalamikia wanatoa, tena mara kwa mara. Kijana wa Ngamiani mwenye kipato, hata kama ni cha bodaboda, hakosi kuwamo katika makundi kadhaa ya michango kwenye simu yake: harusi ya rafiki, msiba wa jirani, mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Bombo, futari ya mwezi wa Ramadhani. Kwa hiyo linalofaa kuulizwa ni kwa nini mkono huo huo unaofunguka kwa kamati ya harusi unafumbwa mbele ya asasi yenu.

Kamati ya harusi ina mweka hazina anayejulikana, tarehe ya mwisho isiyosogezwa, na bajeti ambayo mchangiaji anaweza kuiuliza maswali. Orodha ya walioahidi na waliokwisha kulipa hutumwa kwenye kundi kila fedha inapoingia, na siku ikifika kila aliyechanga huona kwa macho yake ukumbi, chakula na ngoma. Zaidi ya hayo, wanakamati wenyewe ni vijana. Asasi yenu inamwomba kijana huyo huyo ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha inamwarifu matumizi katika mkutano mkuu, miezi mingi baadaye, kwa taarifa ndefu inayosomwa na mtu ambaye hakumchagua. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yaliyosajiliwa kwayo yaandae taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na hilo ni jambo jema, lakini taarifa inayomridhisha Msajili haitoshi kumridhisha aliyetoa elfu mbili jana jioni.

Basi badilisheni kwanza namna ya kuomba. Anayepata fedha siku kwa siku hana shilingi 50,000 za kuzitoa mara moja, ila elfu moja kwa wiki anaweza, na kwa mwaka hiyo ni shilingi 52,000, yaani zaidi ya ada yenu. Fungueni namba ya kulipia kwa simu iliyosajiliwa kwa jina la asasi, wala si namba binafsi ya mweka hazina, hata angekuwa mwaminifu kiasi gani, kwa sababu kijana huona jina kabla ya kuthibitisha malipo, na jina la mtu binafsi humtia shaka. Angalieni pia makato. Mtakumbuka tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, ambayo Serikali ililazimika kuipunguza baada ya wananchi kulalamika. Watu wanaotuma kiasi kidogo ndio wanaohisi makato mapema kuliko wengine, kwa hiyo anayependa kukusanya elfu zake na kuzituma mwisho wa mwezi aruhusiwe.

Taarifa ya fedha iwe fupi na ya haraka. Mkinunua jozi ishirini za viatu Ijumaa, risiti iwe kwenye kundi Ijumaa hiyo hiyo, pamoja na salio. Hapa ningewashauri jambo moja ambalo kamati za harusi hulifanya vibaya: msitangaze majina pamoja na kiasi. Wapo wanaotoa kwa nia ya sadaka, ambao hawapendi mkono wa kushoto ujue kilichotolewa na wa kulia, na wapo wenye mia tano tu, ambao orodha ya majina huwafukuza kimya kimya. Andikeni tarehe, kiasi na mtaa: Makorora, Mabawa, Duga. Inatosha.

Linalowatia hofu wazee, ninavyodhani, ni madaraka. Vijana huitwa siku ya kupanga viti na kubeba maboksi. Siku ya kuamua mtoto yupi apewe na yupi asubiri, hawaitwi. Haitoshi kuwaundia “kitengo cha vijana” kisicho na fungu lolote. Wapeni viti viwili katika kamati ya utendaji, vyenye kura kamili, na mmoja wao awe miongoni mwa watia saini wa akaunti ya benki. Mkiona hilo ni kubwa mno, anzeni na mfuko mmoja tu, kwa mfano wa viatu. Shule hufunguliwa Januari, na mahitaji ya sare hupanda Desemba. Wakabidhini vijana mfuko huo kuanzia Oktoba, waombe wao, wanunue wao na watoe hesabu wao, nanyi mbaki kuwa wakaguzi. Nawahakikishia kwamba mtakosana mara mbili tatu kuhusu bei na maduka. Acheni mkosane.

Mwisho, tuangalie neno “vijana” katika barua zenu. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inawahesabu wenye umri wa miaka 15 hadi 35, na humo yumo mwanafunzi wa kidato cha pili pamoja na karani mwenye watoto watatu. Mwanafunzi msimwombe fedha. Mwombeni saa mbili za Jumamosi, kwa ridhaa ya mzazi wake. Karani hana Jumamosi, lakini ana mshahara. Barua moja kwa wote wawili haimfikii yeyote.

SWALI: Nina miaka 24 na ninajitolea katika kikundi cha kupanda mikoko upande wa Tongoni. Nauli ninajilipia, chakula hakuna, na nikiuliza naambiwa kwamba kujitolea ni kujitolea. Je, ninakosea kudai? — *Msomaji wa Mwambani*

JIBU: Hukosei. Unajitolea nguvu na muda wako, na hilo halimaanishi kwamba ulipie pia gharama za kikundi. Nauli na mlo wa mchana si mshahara, na asasi isiyoweza kuvigharimia ni afadhali iite watu kumi inaoweza kuwahudumia kuliko arobaini watakaorudi nyumbani na njaa. Ombeni maandishi ya ukurasa mmoja: kazi ni ipi, kwa muda gani, nani anayekusimamia, na kwamba mwisho wake utapewa barua ya utambulisho inayotaja kazi uliyofanya hasa. Kwa kijana anayetafuta ajira, barua ya namna hiyo ina thamani kuliko fulana.

Nami nakuuliza: je, ratiba ya upandaji mliitunga pamoja na viongozi wa kikundi? Kazi ya mikoko hufuata maji kupwa na kujaa, na aliyekulia pwani anajua siku za bamvu, yaani za maji makubwa, bila kufungua kitabu. Ratiba iliyopangwa ofisini huweza kuwafikisha watu kwenye tope saa ambayo maji yamekwisha kujaa. Vilevile, kupanda kwa siku moja, kupiga picha na kutorudi tena kuhesabu miche iliyoshika ni kazi nusu. Pendekeza kwa viongozi wako kwamba ninyi wa Mwambani na Tongoni mpange siku na mfanye ufuatiliaji, na nauli iwekwe kwenye bajeti kwa safari za ufuatiliaji pia. Wakikataa yote mawili, una haki ya kuaga kwa adabu na kuondoka.

SWALI: Tunataka kuweka picha za watoto tunaowasaidia kwenye Instagram ili vijana wahamasike kuchangia. Kuna ubaya? — *Mweka Hazina, Muheza*

JIBU: Upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, na picha inayomtambulisha mtoto ni mojawapo. Hata mzazi akikubali, jiulizeni kama ridhaa ya mama anayesubiri sare kutoka mikononi mwenu ni ridhaa ya hiari. Picha hiyo mtoto ataikuta akiwa na miaka ishirini, na wenzake wataikuta kabla yake. Pigeni picha ya viatu vilivyopangwa sakafuni, pamoja na risiti ya duka na jumla ya fedha iliyobaki.