Maswali ya wasomaji: Kwa nini kutafuta kesi kunatoa jasho hivi?

Shikamoo anko. Mi ni wakili mchanga, niko chemba moja hapa Posta. Bosi analipia mfumo mkubwa wa nje wa kutafuta kesi, hela ndefu kweli, ila nikiufungua visanduku kibao, tarehe, mahakama, jina la jaji, sijui alama gani na gani. Nikiandika kawaida kama naandika Google naletewa maelfu ya kesi za huko kwao, nikiweka hizo alama napata sifuri. Mi ndo kilaza au mfumo ndo mbovu? – Wakili wa Posta

Marahaba mdogo wangu. Kilaza siyo wewe. Hii mifumo ina umri mkubwa kuliko wewe, Lexis iliingia sokoni Marekani 1973, Westlaw 1975, na enzi hizo kompyuta ilikuwa ghali, muda wa kuunganishwa unalipiwa, kwa hiyo kila herufi uliyoandika ilikuwa hela. Sehemu nyingi aliyekaa kwenye mashine hakuwa mwenye shida, ni mkutubi aliyefundishwa kazi hiyo, unampa swali anakutafutia. Ndo zikazaliwa zile alama za mkato, mfano w/5, yaani neno hili na lile yasipishane zaidi ya maneno matano. Mkutubi akaondoka kwenye kiti, ukakaa wewe, alama zikabaki zilezile! Westlaw wenyewe walikuja kuweka kisanduku kimoja cha kuandika kawaida mwaka 2010, na ukitaka alama bado zipo.

Ila usije ukadhani kisanduku kimoja kinamaliza shida. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Blair na Maron, walichapisha jaribio la mawakili waliokuwa wanatafuta kwenye nyaraka kama 40,000 za kesi moja kubwa. Mawakili waliamini wanapata robo tatu ya nyaraka wanazozihitaji, kumbe walikuwa wanapata kama asilimia 20 tu. Sababu moja ni kwamba wao wanatafuta "ajali", halafu watu waliohusika nayo kwenye barua zao hawakuandika ajali hata kidogo, wameandika "tukio" au "ile hali ya bahati mbaya". Hapo uandike kwa alama au uandike kwa sentensi tamu, utakosa tu. Na kwetu ndo balaa zaidi maana hukumu nyingi za zamani ni Kiingereza, sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, kwa hiyo mtu anayetafuta mirathi inabidi atafute na probate, mfumo haumkumbushi.

Cha kufanya: anza TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure na kesi ni za hapahapa, andika maneno mawili matatu tu, kisha punguza kwa mahakama na mwaka. Ukipata hukumu moja inayokufaa acha kutafuta kwanza, isome, chukua maneno aliyotumia jaji ndo urudi nayo, halafu fuata kesi alizozitaja. Kwenye mfumo wa bosi ukipata sifuri usifute yote, ondoa sharti moja moja mpaka ujue lipi limekuharibia. Hiyo kazi ilitakiwa mfumo ukufanyie, sentensi moja tu, "ukiondoa tarehe utapata kesi 14", lakini wengi hawajisumbui.

Mambo kaka, mi ni programa, niko Sinza. Tunamjengea mteja mfumo wa kutafuta nyaraka. Bosi wao anataka uwe mwepesi kama Google, mtunza nyaraka wao anasema nikigusa ule utafutaji wa kina yeye anaacha kazi. Nimsikilize nani? – Programa

Poa. Wote wawili, na usiseme haiwezekani. Angalia PubMed, ile hazina ya makala za tiba. Ukiandika heart attack, yenyewe kimyakimya inatafuta na myocardial infarction, kwa sababu kuna orodha ya istilahi inaitwa MeSH inayotunzwa tangu 1960 na watu wenye akili zao. Mgeni anafurahi. Mzoefu naye akifungua historia ya utafutaji anakuta swali lake limetafsiriwa vipi, neno kwa neno, na anaweza kulirekebisha. Mi lawama yangu ni moja tu, wameificha mbali, wewe iweke juu ya matokeo kabisa, "nimetafuta hivi na hivi", kila kipande kiwe na alama ya kukifuta. Mtunza nyaraka akiona anachofanyiwa hatogoma, anayegoma ni yule anayefanyiwa mambo gizani.

Halafu kama nyaraka ni za Kiswahili usikopi mbinu za wenzetu hivihivi. Wao wanaweka nyota (*) mwishoni mwa neno, yaani mfumo ukubali mwisho wowote, kwa sababu maneno yao mengi yanabadilika mkiani. Ya kwetu yanabadilika sana kichwani, mrithi, warithi, urithi, alirithi, sasa ukiandika rith na nyota mwishoni, rith*, hupati hata moja kati ya hayo. Jenga kwa mzizi. Na orodha ya visawe usiitunge ofisini kwako, chukua maswali ambayo watumiaji waliandika wakapata sifuri, humo ndo kuna lugha yao halisi. Kaa pembeni ya huyo mtunza nyaraka asubuhi moja, funga mdomo, angalia mkono wake unaenda wapi, utagundua vifungo vingi hajawahi kuvigusa na vitatu anavibonyeza kutwa nzima.

Kwani siku hizi si kuna akili mnemba? Naiuliza tu inanijibu, mambo ya visanduku ya nini? – Mfamasia, Upanga

Itumie ikupe maneno ya kutafutia, hapo iko vizuri sana. Jibu lenyewe lifungue kwenye chanzo kabla hujalipeleka kokote, maana 2023 mahakama moja ya New York iliwapiga mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kesi hazipo duniani. Na kama unaandika mapitio ya tafiti utaulizwa ulitafuta wapi, kwa maneno gani, tarehe gani, ili mwingine arudie aone. Andika hayo yote tangu siku ya kwanza.