Mimba ya Pacha na Mahojiano ya Kazi

SWALI: Nina mimba ya pacha ya miezi 5, na wiki ijayo nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi ya uhasibu hapa Nakuru. Tumbo halifichiki tena, hata nikijifunga leso. Je, niseme?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mwombaji kazi kwa sababu ya ujauzito, nayo humpa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, ingawa haimwongezei mwenye pacha hata siku moja (walioitunga, nadhani, hawakunyonyesha wawili). Ningekuwa wewe, ningesema mwenyewe baada ya kueleza ujuzi wangu, kwa kuwa pacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Ukiajiriwa, iarifu kampuni kwa maandishi mapema, si siku 7 tu kabla ya likizo.