Fundi Mkimbizi na Kibali cha Daraja M

SWALI: Ndugu Mhariri, nina karakana ya kushona sare za shule hapa Kariobangi, Nairobi. Amenijia fundi Mkongomani, mkimbizi, na mkono wake umeniridhisha, lakini mhasibu wangu ananionya kwamba nikimwajiri nitaingia matatani na serikali. Wengine wananiambia kwamba Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo hahitaji kibali chochote. Nimsikilize nani? – Mwenye karakana, Nairobi

JIBU: Mhasibu wako anafanya vyema kuwa na hadhari, ila si kweli kwamba mkimbizi haajiriki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara na hata kufanya kazi ya taaluma yake. Kosa ni kumwajiri mgeni asiye na kibali cha kazi, na waajiri wengi hunaswa hapo kwa kudhani kwamba kitambulisho cha mkimbizi peke yake kinatosha. Fundi wako anahitaji kibali cha daraja M, ambacho Uhamiaji huwapa wakimbizi waliokwisha kutambuliwa pamoja na waume au wake zao, bila ada yoyote. Kwa hiyo muulize kwanza kama amekwisha kutambuliwa au bado ni mwomba hifadhi. Muulize pia ameandikishwa wapi, kwa sababu aliyeandikishwa katika kambi ya Kakuma au Dadaab hawezi kuja kufanya kazi Nairobi bila ruhusa ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.

Ombi la kibali linahitaji barua yako ya kueleza kazi utakayompa na barua ya mapendekezo kutoka Idara hiyo. Nakusihi uandike yako siku ile ile unayoamua kumchukua, uipige muhuri, na ikiwezekana umtume karani wako aandamane naye, kwani mkimbizi anayezunguka maofisini peke yake, nauli ikimwishia, mara nyingi hukata tamaa kabla ya kibali kutoka.

Kuhusu Jumuiya, ni kweli kwamba Kongo ilijiunga mwaka 2022. Sheria hiyo hiyo ya Wakimbizi inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi mwanachama kuiacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili anufaike na haki za raia wa Jumuiya. Lakini hadhi hiyo ndiyo inayomkinga asirudishwe alikokimbia, na mtu aliyeponea chupuchupu vitani huko Kivu, mashariki mwa Kongo, hapaswi kushinikizwa kuiacha ili kumpunguzia mwajiri safari za ofisini. Uamuzi huo mwachie mwenyewe, tena baada ya kupata ushauri wa kisheria.

Liko jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo ni usaili. Niliwahi kuketi kando ya msimamizi mmoja aliyemkataa fundi Mkongomani kwa sababu, alipoulizwa kipimo cha kiuno, alikitaja kwa Kifaransa. Wengi wao hesabu huzifanya kwa Kifaransa ingawa mazungumzo yote ni Kiswahili. Msimamizi aliona hajui kazi. Bahati nzuri mwenye karakana alimpa mkasi, chaki na mita mbili za kitambaa, na kabla ya chakula cha mchana suruali ilikuwa mezani, mifuko imekaa sawasawa na pindo limenyooka. Mpime fundi wako kwenye cherehani.

Mshahara usiwe na ubaguzi. Katika kambi, mkimbizi hulipwa posho iitwayo motisha huku Mkenya aliye naye katika kazi ile ile akilipwa mshahara kamili, na baadhi ya waajiri wa mjini wamejifunza tabia hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa uraia wake. Mpe mkataba wa maandishi, msaidie kupata PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, na mkatie michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na ya bima ya afya kama unavyowafanyia wenzake.

SWALI: Muuguzi mkimbizi kutoka Burundi ameomba kazi katika zahanati yangu, na cheti chake ni cha Kifaransa. Naweza kumchukua? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Kama muuguzi, bado. Haki ya kufanya kazi ya taaluma inakwenda pamoja na cheti kutambuliwa na mamlaka za Kenya, na kwa upande wake mamlaka hiyo ni Baraza la Wauguzi. Hadi atakaposajiliwa asimguse mgonjwa, hata siku ambayo foleni imefika barabarani. Wakati huo unaweza kumwajiri mapokezi, mradi barua yako ya kuombea kibali itaje kazi hiyo ya mapokezi, na gharama ya kutafsiri cheti ibebe wewe, kwa kuwa akisajiliwa zahanati yako ndiyo itakayopata muuguzi.