Maswali ya wasomaji: Korongo la jangwani ni la asubuhi

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi ni mama wa miaka 57, nakaa Makorora hapa Tanga. Binti yangu anaishi California, Marekani, anataka kunikatia tiketi niende kumwona mwezi wa sita, na anasema tukishapumzika atanipeleka Palm Springs kuna korongo linaitwa Tahquitz, mnatembea jangwani kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya maji, eti njia rahisi hata kilomita nne haifiki. Kutembea natembea, soko la Mgandini naenda kwa miguu, ila nina presha natumia dawa kila siku na magoti kwenye ngazi yananisumbua. Niende, au nimwambie tukae zetu nyumbani? (Mama wa Makorora)

JIBU: Wa aleikum salaam dada yangu. Nenda, ila usiende mwezi wa sita. Kama tiketi bado haijakatwa mwambie binti aisogeze iwe mwezi wa tatu au wa nne, na nitakueleza kwa urefu kidogo maana korongo hilo nimelitembea mwenyewe na mdogo wangu na ninalipenda sana, sitaki ulione siku mbaya ukalichukia.

Maporomoko yale ni ya msimu. Maji yanatoka mlima San Jacinto, kilele chake kiko mita 3,302, huko juu wakati wa baridi theluji inakaa wakati huku chini mjini ni jangwa tupu. Mvua za baridi zikinyesha na theluji ikianza kuyeyuka, maji yanashuka na korongo mpaka pale yanapodondoka kama mita 18 hivi kwenye kidimbwi. Kwahiyo mwisho wa baridi na kuingia machipuko ndo yana nguvu, ukienda kiangazi unaweza kukuta yamebaki kamchirizi ukutani. Na huo mwezi wa sita joto la mchana pale linacheza kwenye nyuzi 40, wa saba linapita hapo. Utakuwa umetembea kwenye moto kwenda kuangalia maji yaliyokwisha, dada yangu, haifai.

Njia yenyewe binti hajakudanganya. Ni mzunguko wa kama kilomita 3.2, kupanda kote ukijumlisha hakuzidi sana mita 100, mtu mzima anayetembea taratibu na kupumzika anamaliza kwa saa mbili hadi mbili na nusu. Tatizo lako ni ngazi za mawe, ziko nyingi na hazilingani, nyingine fupi nyingine inabidi unyanyue mguu kweli. Chukua fimbo, goti linalouma litangulie wakati wa kushuka na lile zima litangulie wakati wa kupanda, na usione haya kumshika binti mkono.

Ila kitu ninachotaka ukishike ni joto, maana joto la jangwani siyo hili letu la Tanga. Sisi hapa tukitoka jasho tunaliona, nguo inagandia mgongoni, unajifuta na kanga, unajua kabisa nimeloa ngoja ninywe maji. Kule hewa ni kavu mno, jasho linakauka linapotoka hapohapo, ngozi inabaki kavu unajiona uko sawa tu kumbe maji yanaondoka mwilini kila dakika. Mdogo wangu alinambia njia nzima "mbona hakuna joto", tulipokaa kwenye jiwe nikamwangalia fulana yake nyeusi mgongoni ina mistari myeupe ya chumvi, imejichora kama ramani, na midomo imeshaanza kupasuka, chupa yake hata nusu hajafika. Nikamlazimisha anywe pale pale mbele yangu. Kwahiyo usisubiri kiu. Piga funda kadhaa kila baada ya dakika kumi na tano hivi, bebeni lita mbili kila mmoja, na maji yakifika nusu kabla hamjayaona maporomoko mnageuza, hata kama mnasikia sauti yake kwa mbele.

Dawa za presha muulize daktari wako kabla hujasafiri, umtajie neno jangwa, maana baadhi ni zile za kukojosha, zinatoa maji mwilini na jua nalo linatoa, unaweza kupata kizunguzungu ukisimama ghafla. Na kama una siku za Ramadhani unazodaiwa usije ukazilipa siku hiyo.

Nguo usihangaike kutafuta za kizungu. Baibui jeusi liache, vaa gauni pana la pamba la rangi nyepesi lenye mikono mirefu, mtandio, na raba yenye soli iliyoshika, siyo ndala wala sendo. Halafu beba kanga moja kuukuu. Iloweshe, ikamue kidogo, jifunge shingoni. Hapa kwetu kanga mbichi inakusumbua tu inabaki na unyevu mpaka jioni, kule kwa sababu hewa ni kavu maji yake yanaruka haraka na yanapopaa yanaondoka na joto la ngozi yako, unasikia ubaridi mpaka kifuani. Ikikauka, na itakauka upesi utashangaa, unaloweka tena.

Saa ya kwenda: geti linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, muwe pale. Mwisho wa kuingia ni saa tisa na nusu alasiri lakini hiyo usiifikirie. Kiangazi kikali kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa wanafungua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tu, na kuna kiingilio, binti aangalie kwenye intaneti kabla hamjatoka. Asubuhi kuta za korongo zinawapa kivuli sehemu kubwa. Sisi tulichelewa, tukaanza saa nne, kwenda ilikuwa raha lakini kurudi jua lilikuwa utosini hakuna kivuli hata cha kuku, ile njia ile ile iliyokuwa rahisi ikawa ndefu.

Mkifika vua viatu utie miguu kwenye kidimbwi. Ni maji ya theluji, mimi nilihesabu mpaka ishirini vidole vikaanza kuuma nikatoa. Unakaa pale, nyuma yako ni mawe na miiba, mbele yako maji yanashuka yanarusha manyunyu usoni, na kwa kweli sikutamani kuondoka.

Jambo la mwisho kwako. Korongo hilo ni la wenyewe, watu wa Agua Caliente wa kabila la Cahuilla, wenyeji wa asili wa huko tangu kabla wazungu hawajafika, wao ndo wanalitunza na kupokea wageni. Kwao Tahquitz ni jina la mganga wa kwanza aliyeumbwa na muumba wao Mukat, alikuwa na nguvu kubwa, akaanza vizuri halafu akazitumia vibaya, akafukuzwa akaenda kuishi humo na roho yake wanasema ipo mpaka leo. Kuna michoro ya kale kwenye mawe na mifereji yao ya zamani ya kumwagilia. Wewe umekulia karibu na Amboni unajua watu wanavyoingia mle mapangoni kutambika, basi ingia kwa adabu hiyo hiyo, usichukue jiwe, usiandike jina, usipige kelele.

SWALI: Kaka mambo, mimi ni bodaboda wa Mombo. Nimesikia watu wanakufa maji kwenye makorongo ya jangwani na mvua haijanyesha, inakuwaje hiyo? (Kijana wa Mombo)

JIBU: Poa mdogo wangu. Mvua inakuwa imenyesha, ila siyo pale waliposimama. Inanyesha mlimani kilomita nyingi juu, huku chini jua linawaka, na ardhi ya jangwani ngumu na miamba mitupu hainywi maji haraka kama udongo wa shambani, kwahiyo yote yanateremka kwa pamoja na korongo ndo bomba lake. Wewe wa Mombo unalijua hili, milima ya Usambara ikinyeshewa usiku, asubuhi makorongo ya huko tambarare yanashuka maji mekundu na kwako hata tone halijadondoka. Kwahiyo kabla ya kuingia usiangalie mawingu ya kichwani kwako, angalia ya mlimani. Ukiwa ndani ukaona maji yamebadilika rangi ghafla, yameanza kubeba vijiti na majani, au ukasikia mngurumo kama lori linakuja, usikimbie kufuata njia uliyojia maana maji yatakukuta, panda ubavuni juu haraka uache hata begi. Na ukiwa na pikipiki maji yanakatiza barabara, subiri. Yanakuja haraka na mara nyingi yanapungua haraka pia, lakini yakifika magotini tu yana nguvu ya kukuangusha na chombo chako.

SWALI: Shikamoo. Sisi ambao hatuna viza, Tanga tunapata wapi kitu kama hicho na watoto? (Baba wa Chumbageni)

JIBU: Marahaba. Jangwa hatuna, ila panda gari mpaka Mombo halafu mpande kuelekea Lushoto. Mnatoka kwenye tambarare ya joto yenye mkonge na migunga, barabara inajikunja na bonde la mto mwamba kushoto mwamba kulia, na maporomoko ya Soni mnayaona kabla hamjafika Lushoto. Baada ya masika, mwezi wa sita hivi, bado yana maji ya kutosha na tope la njiani limeshakauka. Mawe ya karibu na maji yana ukungu wa kijani unaoteleza vibaya sana, watoto wasiachwe mkono hapo, na msisimame kwenye kingo za juu kupiga picha. Tafuteni kijana mwenyeji awaonyeshe pa kushukia. Amboni ni karibu zaidi, kama kilomita nane tu kutoka mjini, mle ni mapango ya mawe ya chokaa na popo, maporomoko hamna lakini kuna mto Mkulumuzi na watoto wangu walipapenda, bebeni tochi. Kama mtachagua Soni tokeni Tanga alfajiri, na konda mwambieni mapema kwamba mnashuka Soni maana gari nyingi zinanyoosha mpaka Lushoto mjini.