Fundi anajibu: mosifeti inaungua kila nikichomeka kadi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza kadi ya volti 12 inayochomekwa kwenye reki (fremu ya kadi nyingi) bila kuzima umeme, nimeweka chipu ya hotiswapu (ya kusimamia uchomekaji huo) na mosifeti moja (swichi ya kielektroniki inayopitisha umeme) nje yake, limiti ya umeme ni ampea 20. Kapasita (vihifadhi chaji) zote za kadi zikijumlishwa ni mikrofaradi 2200. Mwanzoni kadi ilikuwa inajizima kabla haijawaka vizuri, nikaongeza kapasita ya taima (muda ambao chipu huvumilia umeme uliofika limiti kabla ya kuzima kadi) hadi ikafika milisekunde 10, mosifeti ikaungua. Nikaweka nyingine ya ampea 100, ukinzani mdogo kuliko ya kwanza, nayo imeungua siku hiyo hiyo. Mzigo wangu ni ampea 8 tu! Chipu ni mbovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chipu yako ni nzima, tena nakuomba usiitoe. Ila hiyo mosifeti ulinunua kwa kuangalia namba ambayo haihusiki na ugonjwa wako.

Hebu tuanze na kile kinachotokea unapochomeka. Kapasita tupu mbele ya umeme ni sawa na shoti, haina volti hata moja, kwa hiyo waya na pini vikiwa na ukinzani wa miliomu 30 hivi basi kwa hesabu ya karatasi unaitisha ampea 400 kwa kufumba na kufumbua. Ndio maana pini zinapiga cheche na kuungua, na kadi za jirani kwenye reki hiyo hiyo zinajiwasha upya kwa sababu volti ya pamoja imeanguka. Kazi ya chipu ni kuifungua mosifeti taratibu ili kapasita zijae bila fujo. Sasa umeme unaozuiwa lazima utue mahali, na mahali penyewe ni kwenye mosifeti. Mwanzoni kabisa upande wa kuingilia una volti 12, upande wa kutokea una sifuri, volti zote 12 zinakaa juu ya mosifeti, ukipitisha ampea 20 hapo ni wati 240 kwenye kidude kidogo kuliko ukucha.

Kujaza mikrofaradi 2200 mpaka volti 12 kunaiachia mosifeti joto la juli 0.16 tu, na kwa ampea 20 ingechukua milisekunde 1.3. Hilo inaweza kulivumilia. Tatizo nadhani ni kwamba mzigo wako unaanza kula kabla kapasita hazijajaa. Konveta (saketi za kubadilisha volti) za ndani ya kadi zinataka wati zile zile hata volti zikiwa chini, yaani wati zako 96 kwa volti 12 ni ampea 8 lakini kwa volti 6 ni ampea 16, kwa hiyo katika ile limiti ya 20 kapasita zinabakiwa na ampea 4, volti inapanda kwa kusuasua na mosifeti muda wote huo imebeba volti 6 na ampea 20, wati 120. Taima ilikuwa inaliona hilo na kukuzimia kadi, ilikuwa inakuokoa, wewe ukairefusha. Na siku kadi ikiwa na shoti ya kweli, milisekunde 10 kwa wati 240 ni juli 2.4, mara kumi na tano ya ile ya kujaza kapasita.

Sasa ile ya ampea 100. Hiyo namba ni ya mosifeti iliyofunguka kabisa, inayopoa vizuri. Wewe fungua datashiti, tafuta chati ya eneo salama la kufanyia kazi, ile yenye mistari inayoshuka kimshazari ya mikrosekunde 100, milisekunde 1, milisekunde 10. Simama kwenye volti 12, panda hadi mstari wa milisekunde 10, unaweza kukuta ni ampea chache tu, na chati yenyewe imechorwa kwa nyuzi joto 25, ndani ya reki moto ni zaidi, punguza tena. Mosifeti nyingi za ukinzani mdogo sana ziko dhaifu hapa, maana ikiwa imefunguka nusu, kipande kilichopata joto zaidi kinafunguka zaidi, kinavuta umeme wa wenzake, kinazidi kuchemka hadi kinatoboka. Kwa hiyo ya ukinzani mkubwa kidogo, iliyotengenezwa kwa kazi ya hotiswapu, ingekufaa kuliko hiyo.

Ufanye nini? Kwanza kabisa ile pini ya chipu inayosema umeme uko tayari, iunganishe na pini ya kuwashia ya konveta, zisianze mpaka volti 12 zimetimia. Nina wasiwasi umeifunga pini ya konveta moja kwa moja kwenye volti 12, wengi wanafanya hivyo. Halafu weka kapasita kwenye geti (pini ya mosifeti inayoifungua na kuifunga): kama chipu yako inatoa mikroampea 20 hapo, nanofaradi 33 itapandisha volti kwa milisekunde 20 hivi, na umeme wa kujaza unakuwa ampea 1.3 badala ya 20, wati 16 pale mwanzo kisha zinashuka. Iwekee rezista ya kiloomu 1 mfululizo na hiyo kapasita, isije ikachelewesha chipu kufunga geti shoti ikitokea. Baada ya hapo rudisha taima fupi, haina sababu tena ya kuwa ndefu. Na chipu usiiweke kwenye mtindo wa kujaribu kuwasha tena yenyewe kabla hujapima, kila jaribio linaongeza joto juu ya joto.

SWALI: Mimi mosifeti haiungui, inayokufa ni chipu yenyewe, tena pale shoti inapokatwa. Kwa nini?

JIBU: Waya unaoleta umeme haupendi kukatizwa ghafla. Waya wenye indaktansi (ile hali ya kupinga umeme kubadilika ghafla) ya nanohenri 200 tu, ampea 50 zikikatwa ndani ya nanosekunde 500, zinazaa volti 20 juu ya zile 12, chipu inakutana na 32. Weka dayodi ya kuzuia mruko wa volti karibu kabisa na pini ya kuingilia, na dayodi ya shotki (inayofunguka kwa volti ndogo) upande wa kutokea kwa sababu huko volti inachomokea chini ya sifuri. Karibu kabisa namaanisha milimita, sio kona nyingine ya bodi.