Kabla hujatoboa dari yenye sufi

Tulipoanza kugeuza nafasi iliyo chini ya paa la nyumba yetu hapa Reading, Uingereza, iwe chumba cha binti yetu, akili yangu yote ilikuwa kwenye zulia na rangi ya ukuta. Taa niliziacha ziwe za mwisho: matundu kumi na mawili darini, taa za kuzama, basi.

Kilichonigeuza ni taa moja ya zamani ya korido ya chini. Fundi umeme aliivuta ikatoka na kibonge cha sufi ya kioo, ile inayotandazwa juu ya dari kuzuia joto la nyumba lisitoroke. Sufi ile ni ya manjano, lakini pale ilipogusana na taa ilikuwa kahawia iliyokoza, ikipukutika ukiigusa. Ilikuwa taa ya halojeni, aina ya zamani inayochemka sana, ya wati 50, na aliyetandaza sufi aliifunika tu. Watoto wetu walikuwa wakipita chini yake kila usiku.

Utasema siku hizi ni LED, wati 5 zinatosha. Kweli, joto limepungua sana. Ila lililobaki hurudi nyuma, kwenye draiva, kile kifaa kidogo kinachoirekebishia taa umeme, upande uleule wa sufi. Likikosa pa kutokea, taa huanza kupepesa na kufa kabla ya siku zake.

Kwa hiyo dukani soma sanduku. Ukiona mchoro wa taa iliyofunikwa umekatwa kwa msalaba, taa hiyo haifai kufunikwa. Na hapa wengi tunajichanganya, hata mimi: taa iliyoandikwa dakika 30, 60 au 90 imepimwa kusaidia dari isipitishe moto haraka kwenda ghorofa ya juu. Haimaanishi unaweza kuilundikia sufi. Hayo ni mambo mawili, na mtengenezaji anatakiwa ayataje yote mawili. Asipotaja, rudisha sanduku rafuni.

Halafu kuna mvuke, adui asiyeonekana. Pumzi za usiku kucha na hewa ya bafuni hupanda, zikipata tundu hupenya, na wakati wa baridi zikigusa mbao za paa hugeuka maji. Kila tundu la taa ni mlango. Kwenye dari ya mteremko kama yetu ni zaidi, kwa sababu kati ya kenchi kumejaa bodi za povu za kuzuia joto lisitoroke. Kuzamisha taa ni kukata bodi yenyewe uliyoilipia.

Ushauri wangu basi: kama unaweza, usitoboe. Sisi tuliweka karatasi ya kuzuia mvuke, tukapigilia fito za milimita 25 juu yake, kisha jipsamu. Nyaya zinapita katika uwazi huo, karatasi haijaguswa. Taa ni tatu bapa za kubandika, pamoja na mbili za ukutani karibu na kitanda. Bafuni tulichukua zenye alama ya IP65, yaani haziingizi vumbi wala maji ya kurushwa.

Nyaya nazo zisizikwe ovyo. Waya uliozungukwa na kihami, yaani sufi au povu la kuzuia joto, haubebi mzigo uleule wa umeme, na styrofoam ikigusana na ganda la waya la plastiki ya PVC huliharibu taratibu. Mwachie fundi aliyesajiliwa apige hesabu, na mdai cheti cha kazi hiyo.

Januari, asubuhi ya barafu, nilipanda ngazi nikapitisha kiganja kuzunguka kila taa. Jipsamu ilikuwa kavu pote.