Maswali yenu: padre aliyemgomea askofu wake Philadelphia

Tangu nilipotaja mgogoro wa parokia Katoliki ya St. Mary's, Philadelphia, Marekani, ulioanza mwaka 1820, ambapo padre aliyesimamishwa na askofu alikataa kuondoka, maswali yamemiminika. Najibu machache.

Chanzo kilikuwa nini hasa?
Mdomo. Padre William Hogan, Mwairishi aliyependwa sana na waamini, alikuwa akiwasema mapadre wenzake mimbarini. Askofu mpya Henry Conwell, naye Mwairishi, mzee wa miaka zaidi ya 70, alifika na baada ya wiki chache tu akamsimamisha. Haki ya kumkanya alikuwa nayo. Haraka ndiyo iliyomponza.

Padre akisimamishwa si anaondoka? Huyu alibakije?
Hapo ndipo penye kiini. Kwa sheria ya Pennsylvania, jimbo ulimo mji huo, kanisa lilikuwa mikononi mwa wadhamini, wengi wao walei (waamini wasio mapadre) waliochaguliwa na waamini waliolipia mabenchi. (Naam, kukaa kanisani kulilipiwa.) Mali walishika wao, mshahara wa padre walitoa wao. Wakamkumbatia Hogan. Askofu akahamia kanisa dogo la St. Joseph's, jirani tu, na Mei 1821 akamtenga Hogan na Kanisa. Hogan akaendelea kusoma misa kama kawaida! Askofu anaweza kumnyang'anya padre ruhusa ya kutoa sakramenti, lakini mlango wa jengo lisilo lake ataufungaje?

Ni kweli walipigana?
Kweli. Jumanne ya Pasaka 1822, siku ya kuchagua wadhamini, kambi mbili zilivaana pale kanisani, wengi wakaumia.

Roma ilikaa kimya?
Hapana. Agosti 1822 Papa Pio VII aliwakemea Hogan na wadhamini. Hogan akanyenyekea, kisha akageuka tena. Baadaye aliondoka, akaoa, akaandika vitabu vya kuushambulia Ukatoliki.

Lakini ugomvi ulibaki, maana haukuwa wake peke yake. Mwaka 1826 Conwell, kachoka, alitia saini mapatano yaliyowapa wadhamini sauti katika kuteua mapadre. Roma ikayakataa na kumwita. Aliyeumaliza ni Francis Kenrick, askofu mwandamizi (msaidizi mwenye haki ya kumrithi Conwell): mwaka 1831 alipiga marufuku ibada St. Mary's mpaka wadhamini wakasalimu amri.

Conwell alivuliwa uaskofu?
La. Alifariki mwaka 1842 akiwa bado na cheo, ila jimbo lake la Kanisa lilikuwa likiongozwa na Kenrick tangu 1830.